Bwana Msa Ameingia Kawangware!

Ukipanda matatu ya 46 kwenda Kawangware, riwaya hii usiifungue njiani, maana utapita steji yako na wala hutajali! Ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyotwaa zawadi ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957–58 kisha ikachapishwa 1960. Ndiyo kwanza nimeisoma. Stima ilipopotea niliwasha tochi ya simu, nikaendelea, na sasa nataka kila mtu kuanzia Congress ya Kawangware hadi Laini Saba ya Kibera aitafute leo leo.

Mkasa ndio huu: Bwana Ali anakutwa amekufa, na maiti yake iko penye mzimu, mahali ambapo watu huenda kwa hofu na nadhiri zao. Hapo uvumi umeshapata chakula! Lakini anatokea mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni. Si askari, hana cheo wala sare, na hakuna aliyemwajiri. Sheria iko mikononi mwa Inspekta Seif. Bwana Msa ana macho, masikio na subira ya ajabu. Anamwacha mtu aseme. Wengine wanapotazama mzimu, yeye anatazama binadamu: nani alitaka nini, nani anaficha nini, na kwa nini maneno ya leo hayalingani na ya jana. Nilijikuta nikiongea na ukurasa kwa sauti, jirani akagonga bati kuuliza kama niko salama.

Na ni bati hilo hilo linalonifanya niamini kwamba riwaya hii ni yetu. Fikiria ploti yoyote ya Gatwekera au Makina, kule Kibera. Kikohozi cha chumba cha tatu kinasikika chumba cha kwanza. Mama mboga amekaa kwenye kona tangu alfajiri. Anajua nani amenunua sukuma ya watu wawili ilhali anaishi peke yake. Mwenye kuuza maji anajua nyumba ipi imeongeza mitungi ghafla. Kinyozi husikia kesi nzima kabla chifu hajaletewa. Maarifa haya hakuna kituo cha polisi kinachoyapata kwa siku moja, na ndiyo anayofanyia kazi Bwana Msa! Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeanza kwenye riwaya mwaka 1930, hufumbua mauaji kwa kuwajua watu wa kijiji chake kidogo cha Uingereza. Nampenda sana bibi yule. Ila Bwana Msa anaulizia mambo kwa Kiswahili, kwa salamu ndefu na heshima ya baraza, na mtu hufunguka kabla hajajua kuwa anahojiwa.

Mwandishi mwenyewe alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa takriban miaka 10 kabla ya kuwa mwanahabari. Naona kazi ile imo ndani ya kitabu: mkaguzi wa afya huingia majumbani mwa watu, akatazama jikoni na karo, akajifunza kwamba nyumba husema hata mwenyewe akinyamaza.

Kiswahili chake ni cha Unguja, kinono, chenye misemo ya kule. Hapa na pale utasimama. Usikimbilie kamusi, soma mbele, mazungumzo yatakubeba. Na ukichoka na filamu za risasi na damu, hapa kifo kipo lakini raha yote iko kwenye kuwaza.

Halafu, jamani, kuna riwaya nyingine za Abdulla! Kisima cha Giningi ilitoka 1968. Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) zilichapishwa papa hapa Nairobi na East African Publishing House. Nairobi! Waulize wauza vitabu vya mitumba pale soko la Toi, ulizia maktaba ya umma ya Kibera, msumbue mwalimu wako wa zamani wa Kiswahili.

Nakala yangu tayari ina foleni: jirani yule wa bati ndiye wa kwanza, kinyozi anafuata, kisha dada anayeuza chapati karibu na lango. Sharti nililowapa ni moja tu: ukishamjua muuaji, funga mdomo hadi wote wamalize. Mimi usiku huu naingia Kisima cha Giningi, na simu nimeshaichaji!