Baraka, baraka na herufi kubwa

Katika madarasa mengi ya Shinyanga na Geita, kanuni ya herufi kubwa huandikwa ubaoni, watoto wakainakili, na wiki inayofuata "geita" na "kahama" zikarudi vilevile kwenye madaftari. Tunaanza na kanuni wakati mtoto tayari ana kitu chenye nguvu zaidi: sarufi anayoizungumza.

Kwenye orodha ya mahudhurio hakukosekani Baraka, Neema au Mashaka, majina ambayo pia ni maneno ya kawaida. Mwalimu aandike sentensi mbili: "Leo Mashaka ameondoka" na "Leo mashaka yameondoka." Kisha afute herufi ya kwanza ya jina, asome kwa sauti, na darasa liinue vipande vya boksi vyenye M au m. Mtoto wa darasa la tatu, hata anayeongea Kisukuma nyumbani, husikia a- akajua ametajwa mtu. Akisikia ya- anajua si mtu. Watoto 80 wanashiriki kwa pamoja bila kitabu hata kimoja, na Mashaka mwenyewe anasimama akicheka. Kiswahili kiliandikwa kwa muda mrefu kwa hati ya Kiarabu, isiyo na herufi kubwa, na viambishi hivi vilikuwa tayari vinafanya kazi yao.

Ila sentensi zichaguliwe kwa uangalifu. Jina likikaa mwanzoni, kanuni ya kuanza sentensi inaifunika kanuni ya majina, na mtoto hajifunzi lolote. Tena, Shida si jina la kuanzia: S kubwa na s ndogo zina umbo lile lile, zinatofautiana kimo tu, na kwa mtoto ambaye bado hajatulia kwenye mistari ya daftari tofauti hiyo haionekani. B na b, N na n, M na m zinaonekana hata kutoka dawati la nyuma. Jambo hili dogo ndilo naona linapuuzwa kuliko yote.

Mbinu hii ina mpaka wake. "Geita imekua" na "biashara imekua" zina kiambishi kimoja, kwa hiyo kwa majina ya mahali sikio halitoshi. Hapo ramani inasaidia: jina linaloandikwa juu yake huanza kwa herufi kubwa, neno la kawaida haliandikwi hivyo. Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, watu walizungumzia mkoa mpya, kwa m ndogo. Ukitajwa kwa jina lake kamili ni Mkoa wa Geita. Vivyo hivyo mgodi wowote, na Mgodi wa Bulyanhulu.

Kwa Msukuma, Wasukuma na Kisukuma, herufi kubwa hukaa kwenye kiambishi. Wazulu huandika isiZulu, wakikuza mzizi. Sisi hatufanyi hivyo, na mtoto aonyeshwe mapema.

Linabaki kosa moja linalostahili kipindi kizima. Mtoto akisikia "ny" kama sauti moja, huandika "NYang'hwale", na kwa masikio yake ana hoja. Mwalimu azungushie duara N peke yake katika jina la wilaya hiyo ya Geita, kisha awape Chato waandike wenyewe. Shinyanga waiandike mwisho, wakiwa wamezoea mistari, kwa kuwa ina sh ya sauti moja na ile S ya kimo tu.