Kimya cha Chungu: Binti wa Kuhani katika Hadithi ya Ueda Akinari

Mwaka wa 1776 mwandishi wa Kijapani Ueda Akinari (1734–1809) alichapisha Ugetsu Monogatari, mkusanyiko wa hadithi tisa za mambo ya ghaibu. Mojawapo, "Kibitsu no Kama", inamhusu Isora, binti wa kuhani wa hekalu la Kibitsu. Ni rahisi kuisoma kama onyo dhidi ya mke mwenye wivu, kwani mtambaji mwenyewe anaanza kwa kueleza madhara ya mke wa aina hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba msuko wa hadithi unaikana kauli hiyo ya ufunguzi.

Tuanze na chungu kinachoipa hadithi jina lake. Kabla ya ndoa ya Isora na Shōtarō, kijana mvivu apendaye ulevi na wanawake, maji yanachemshwa hekaluni kwa kufuata kaida. Chungu kikivuma kama fahali, ndoa ni ya heri. Kikinyamaza, ni ya shari. Siku hiyo hakikutoa hata sauti ya mdudu. Kuhani anaingiwa na shaka, lakini mkewe anamshawishi: huenda wahudumu hawakujitakasa ipasavyo, na isitoshe, zawadi za posa zimekwisha kupokelewa. Hivyo basi, mlinzi wa ishara ndiye anayeipuuza, na gharama yake inamwangukia bintiye.

Katika ndoa Isora ni mke wa kupigiwa mfano. Mumewe anapotekwa na Sode, kahaba wa bandari ya Tomo, na kufungiwa nyumbani na babake, Isora anamhudumia mume huyo na hata kumpelekea Sode mahitaji kwa siri. Shōtarō anamlaghai kwamba anahitaji fedha za kumwondoa Sode. Isora anauza nguo zake na kumwomba mamake nyongeza. Mume anatoroka na fedha hizo pamoja na Sode. Isora anaugua, kisha anafariki. Mhakiki hana budi kuuliza: wivu uko wapi katika mwenendo huu? Neno linalostahili ni dhuluma.

Lugha yetu inatupa hapa nyenzo ya uhakiki ambayo si ya kupuuzwa. Kizuka ni kiumbe cha ghaibu kitokeacho watu. Kizuka pia ni mjane aliyekaa eda. Shōtarō anapokutana tena na Isora, anaongozwa hadi kwa mwanamke aliye nyuma ya pazia, anayesemekana kuwa mjane. Maana zote mbili zinakutana katika umbo moja. Marehemu anamkalia eda mume ambaye bado yu hai, na kwa kufanya hivyo anamtangazia kifo.

Yamkini msomaji atapinga kwamba Sode naye anaangamia, ilhali yeye hakumlaghai Isora. Pingamizi hili ni zito. Kisasi cha Isora si haki safi: kinamwanza mwanamke dhaifu kabla ya kumfikia mkosaji. Lakini hilo halimrejeshi katika nafasi ya mke mwenye wivu. Linaonyesha kwamba dhuluma isiyosikilizwa kwa wakati wake haichagui pa kutua.

Mpiga ramli anamwamuru Shōtarō ajifungie siku 42. Usiku wa mwisho anadhani kumekucha, anafungua mlango. Kinachopatikana ni damu na shungi la nywele lililoning'inia kwenye upenuo. Hadithi inafungwa kwa kusifu ukweli wa mpiga ramli na wa chungu. Hakuna neno tena kuhusu wivu. Aliyeanza kwa kumshutumu mke anamaliza kwa kukiri kwamba onyo lilitolewa mapema, hekaluni, mbele ya wazazi waliokuwa na uwezo wa kulitii. Kwa hiyo tunapoifundisha hadithi hii, swali la kwanza lisiwe kwa nini Isora alilipiza kisasi, bali nani alikisikia kimya cha chungu akaamua kuendelea na arusi.