Stelingi Hafi?

Wapo wanaosema sinema iliyotafsiriwa si sinema, ni makelele tu. Mimi nabisha. Kidato cha nne nilimaliza, lakini kusimulia nilijifunzia kwenye banda la video hapa Majengo, Songea, nimekaa juu ya benchi la mbao.

Mwalimu wangu wala hakunijua: Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu. Chukua Karishika, sinema ya Naijeria. Waigizaji wanasema Kiingereza, Lufufu anaisimulia upya kwa Kiswahili. Hafuati neno kwa neno. Anaeleza mhusika anawaza nini, anatia utani, anaonya. Onyo lile ndilo linalotutia hofu kabla hatari haijafika. Kosa lake moja: kuna mahali uso wa mwigizaji umeshasema yote, yeye bado anaongea.

Sheria ya banda tunaijua: stelingi hafi. Basi siku tuliyoonyeshwa Titanic, ile ya James Cameron ya mwaka 1997, Jack alipozama banda zima lilikuwa kimya. Jamaa mmoja akadai arudishiwe kiingilio!

Usiku ule nikafungua muswada wangu. Stelingi wangu alikuwa amekwepa risasi kurasa 60 bila hata mkwaruzo. Nani amhurumie? Nikazichana zote.

Waandishi wenzangu, tunaiga ngumi za Schwarzenegger, tunasahau hofu. Si lazima stelingi afe. Ila msomaji asiwe na hakika kwamba atapona.