Springi za Shaba

Kifaa chenyewe kinaenea mkononi. Ni kipande cha mninga kisichozidi urefu wa kiganja, kimesimamishiwa vibao viwili vinavyotazamana kama nguzo za goli, na kila kibao kina tundu moja. Ndani ya matundu hayo imepita spoku ya baiskeli, ambayo upande mmoja imekunjwa mara mbili ikawa mpini. Ukizungusha mpini, spoku inazunguka. Mashine nzima ni hiyo.

Fundi wake ana kibanda Arusha, nyuma ya maduka ya vipuri. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusuka mota: za pampu za maji, za feni, za mashine za kusaga. Mgongo ulipoanza kukataa kubeba mota kubwa, akahamia kwenye hereni na vidani. Waya hakuuacha. "Mota nayo ni springi tu, mwanangu," aliniambia. "Ile inazungusha kinu, hii inaning'inia sikioni." Mtaani kila kitu kilichozongwa kinaitwa springi, kuanzia ile ya kitanda hadi ile ya kalamu, na yeye haoni haja ya jina lingine.

Nilipomwamkia asubuhi ya kwanza aliitikia marahaba bila kuinua macho, maana alikuwa katikati ya springi, na springi ikishaanza haiachwi njiani. Ncha ya waya ilikuwa imenaswa kwenye kona ya mpini. Waya wenyewe ulipita chini ya kidole gumba cha kushoto, ndani ya ngozi iliyokatwa kwenye mkanda mkuukuu, na mkono wa kulia ulikuwa ukizungusha polepole. Kila mzingo ulizaliwa palepale, baina ya mpini na uso wa kibao cha kwanza. Mzingo mpya hauna pa kwenda. Unaegemea kibao, unausukuma uliotangulia, nao unausukuma wa mbele yake, na spoku yote inarudi nyuma kidogo kidogo, kila mara kwa unene wa waya mmoja. Kwa hiyo mizingo inabanana yenyewe. Jicho halina kazi ya kulinganisha nafasi, wala mkono hauna haja ya kuipanga.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu, kwa sababu kwanza sikuliona. Nilidhani kazi inafanywa na spoku. Spoku inatoa umbo tu. Kinachotoa usawa ni ule ukuta mdogo wa mbao unaounyima waya upenyo. Nilipewa msumari na koleo nizonge bila ukuta, na kwa nusu saa nilipata springi yenye mapengo, huku imebanana, kule imeachana kama meno ya mtoto wa miaka sita. Niliporudi kwenye kifaa, mikono ile ile ikatoa springi iliyofungana kama kamba ya meli.

Tundu la kupitishia spoku lina sharti lake. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, na tundu lazima liwe hilo hilo na nywele moja zaidi. Nafasi iliyozidi ikifikia unene wa waya, waya unapata mlango: unaingia katikati ya spoku na ukuta, unajikaba, na springi nzima inaharibika. Mbao hailindi tundu kwa muda mrefu. Ndiyo maana fundi amefunga juu ya kibao cha kwanza bati la shaba alilolikata kwenye kitasa kibovu, likashikwa na skrubu mbili. Waya unasuguana na shaba, na mbao imebaki kuwa mgongo wa kushikilia.

Spoku nayo haiokotwi yoyote. Ya zamani yenye vidonda vya kutu inazonga vizuri, lakini ukitaka kuitoa springi inang'ang'ania, na ukivuta kwa nguvu mizingo inafunguka. Kwa hiyo yeye hununua mpya, anaisugua kwa msasa laini kwa urefu wake, kamwe si kwa kuuzungusha, kisha anaipaka nta ya mshumaa. Springi iliyokwisha inateleza ikatoka kwa kusukumwa na kucha.

Waya alionao mwingi ni wa mota mbovu. Una vanishi juu yake, na vanishi hiyo lazima iondoke. Anauchoma nje, akikaa upande unakotoka upepo asivute moshi, mpaka waya uwe na wekundu hafifu ambao gizani ungeuona vizuri zaidi, halafu anautumbukiza majini. Mtu aliyezoea kazi ya mhunzi angeshtuka hapo, kwa sababu chuma cha pua kikifanyiwa hivyo kinakuwa kigumu. Shaba nyekundu inakwenda kinyume: inatoka majini laini kama uzi uliolowa. Inatoka pia nyeusi, na weusi huo unasuguliwa kwa ndimu na chumvi. Ulaini wenyewe haudumu. Kila mara waya unapokunjwa unaongeza ugumu kidogo, na mpaka springi iwe imekamilika imekwisha kukakamaa kiasi cha kuvaliwa bila kupoteza umbo. Kuzonga kwenyewe ndiko kunakoikomaza.

Shaba ya njano ni habari nyingine. Ina kiburi. Unaizonga imebana, lakini ukiachia tu inapumua: springi inajifungua robo ya mzingo, wakati mwingine nusu, na upana wa ndani unazidi ule wa chuma ulichozongea. Shaba nyekundu iliyochomwa inafanya hivyo kidogo sana, ya njano inafanya waziwazi, na waya mgumu zaidi unazidi kujirudisha. Ukitaka pete ya milimita 6 ndani, basi hutaipata kwenye chuma cha milimita 6.

Fundi ametatua jambo hili bila karatasi. Ana kopo la maziwa ya unga limejaa vyuma vya kuzongea: spoku, misumari ya inchi 4 iliyokatwa vichwa, sindano za kufumia sweta, kishina cha drili iliyovunjika, nondo laini ya milimita 6 ambayo mafundi ujenzi huikunjia ringi za nguzo. Nondo zenye mikunjo hazimo, maana zinaacha alama juu ya waya. Na kila chuma kimefungwa shingoni kipande cha springi kilichowahi kuzongwa juu yake, kingine chekundu, kingine cha njano, vingine vyote viwili. Akitaka kujua chuma fulani kinatoa upana gani, hapimi chuma. Anapima kile kipande. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote niliyoyaona kibandani: kopo zima ni daftari, na kila ukurasa wake umeandikwa na waya wenyewe ukieleza umefanya nini ulipoachiwa.

Hesabu anazijua pia, za kichwani. Kila mzingo unakula waya sawa na unene wa chuma ukijumlisha unene wa waya, mara 3.14. Waya wa milimita 0.8 juu ya spoku unakula karibu milimita 8.8 kwa mzingo mmoja. Mizingo 80 inatoa springi ya urefu wa milimita 64, na imemeza sentimita 70 za waya. Hadi hapo ni springi tu. Kisha anaipitishia ndani waya mwingine laini, mrefu, ili isijikunje vibaya, na springi yote anaizonga upya juu ya ile nondo ya milimita 6. Inazunguka mara 3. Upande wa ndani mizingo inabaki imegusana, upande wa nje inaachana kama vidole vya mtu anayenyoosha kiganja. Kinachotoka ni ushanga wa shaba wenye urefu wa sentimita 1 hivi, na ndani yake zimelala zile sentimita 70. Niliushika kwenye mwanga wa mlango. Mbavu zake zote zilikuwa na mwachano uleule.

Lugha yetu haikuanza leo kukutana na waya wa mapambo. Waya mnene wa shaba ulikuwa na jina lake, masango, na ule mwembamba uliozongwa kuwa bangili uliitwa udodi. Masango yalibebwa mabegani kutoka pwani kwenda bara katika karne ya kumi na tisa. Henry Morton Stanley, alipofunga safari yake Unguja na Bagamoyo mwaka 1871, alishauriwa kuchukua frasila 10 za waya wa shaba, yaani ratili 350, na akaandika kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu, pale ambapo shanga ni kama senti na nguo ni kama fedha. Waya huo haukuishia kuwa sarafu. Uliviringwa kwenye mikono, shingo na miguu, na mahali pengi mafundi waliuvuta tena uwe mwembamba zaidi. Ukambani kulisifika kwa mikufu myembamba ya kazi hiyo. Na Wamaasai wana surutia, pambo la shaba lenye mizingo bapa linalovaliwa na wanawake walioolewa, ambalo Arusha unaweza kulikuta sokoni siku yoyote.

Mzingo bapa kama wa surutia ndio uliomsumbua fundi kuliko springi. Shida yake yote iko mwanzo. Ukishapata duara la kwanza, mengine yanalifuata kwa kuliegemea, lakini lile la kwanza halina cha kuegemea, na koleo linaliachia alama za meno katikati, mahali ambapo jicho la mnunuzi linaanzia. Dawa yake ni msumari. Ameukata kichwa, akauchana ncha kwa msumeno wa chuma, ufa mmoja wa kuingiza waya, kisha akaupigilia kwenye ubao mpaka ukabaki nje kwa unene wa waya tu. Ncha ya waya inaingia kwenye ufa, waya unapinda kuuzunguka msumari, na juu yake analaza kipande cha plastiki angavu kilichotoka kwenye kasha la CD, anakikandamiza kwa kidole gumba. Mzingo hauwezi kupanda juu ya mwenzake, na yeye anauona unavyokua chini ya kidole chake, kama anachungulia dirishani.

Ubao huo huo una misumari mingine, ya maumbo mengine: ndoano za hereni, mawimbi, kitu kinachofanana na jani la mkorosho. Misumari yote haina vichwa, na ncha zake zimelainishwa kwa tupa ili umbo likikamilika linyanyuliwe bila kukwama. Nimewahi kuona mbao za plastiki zinazouzwa madukani kwa kazi hii, zenye matundu yaliyopangwa sawasawa na vigingi vya kuchomeka. Ni safi na zinafundisha haraka. Ila pale umbo linataka kigingi katikati ya matundu mawili, lazima umbo likubali kushindwa. Kwenye ubao wa fundi msumari unakwenda mahali umbo linapotaka, na ushahidi upo: kila msumari umezungukwa na matundu matupu, mawili hapa, matano pale. Ndoano ya hereni ina msumari mmoja wenye matundu 9 pembeni yake, yamesongamana kama alama za sindano kwenye mkono wa mgonjwa. "Huyo alinitesa," alisema, akamgusa kwa ncha ya kalamu. Msumari ule, akiusogeza hata kidogo, hereni inalala ubavuni badala ya kutazama mbele. Ameutafutia mahali pake kwa wiki nzima. Sasa mtoto wake wa darasa la saba anakaa pale jioni na kutoa ndoano 20 zinazofanana, bila kujua wiki hiyo ilikuwaje.

Pete ndogo za kuunganishia zinatoka kwenye springi pia, kwa kuikata kwa urefu. Hapo hatumii mkasi wa waya, kwa sababu mkasi unabana ncha na kuiacha imechongoka, na pete iliyochongoka haifungi. Anaipitisha springi kwenye kijiti cha mianzi kinachoijaza, anakibana, anakata kwa msumeno mwembamba, na pete zinaanguka moja moja kwenye kitambaa. Kuzifunga unazipindisha ubavu, moja mbele moja nyuma, hadi ncha zipitane kidogo, kisha unazirudisha zikutane. Ukizivuta zifunguke kwa upana, duara limekwisha.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta hazongi. Waya ulikuwa umeanza kujikaba, mara moja kwa kila springi mbili au tatu. Alichomoa spoku, akainua kifaa kwenye mwanga, akatazama kupitia tundu la bati kwa jicho moja. Lilikuwa limekuwa yai. Alifungua skrubu mbili, akaligeuza bati kwa robo ya mduara, na hapo ndipo nilipoona kwamba lilikuwa na matundu mengine mawili, yote yameliwa upande mmoja, upande ambao kidole gumba chake huvutia waya. Akatia drili ya milimita 2, akatoboa la nne, akapuliza unga wa shaba, akarudisha skrubu. Kisha akaipitisha spoku, akaizungusha mara moja bila waya, akiisikiliza.