Taa ya Kulia

Taa ya kulia ya gari letu ilianza kwa kulia kweli. Masika yalipokolea, kila asubuhi niliikuta na matone ndani, yamejipanga kama jasho puani. Wiki ya pili ikazima kabisa. Duka la kwanza nililouliza likanitajia bei ya taa nzima, maana LED za aina hii hazina balbu ya kuchomoa na kuchomeka nyingine. Chipu za mwanga zimejengewa humo humo. Nikaona kabla sijalipa niende Gerezani, kwa fundi umeme anayelifahamu gari hili tangu liliposhuka bandarini.

Hakushika spana. Alichuchumaa mbele ya bampa, mikono mapajani. "Dada, washa. Zima. Washa tena." Akaitazama kwa muda mrefu ile iliyokufa, kisha ile nzima, kisha akarudi kwa iliyokufa.

Wengi hudhani LED haina joto kwa kuwa kioo chake hakiunguzi mkono. Joto lipo, ila linaelekea nyuma. Ndiyo maana mgongoni mwa taa kuna mapezi ya alumini ya kulipunguza, na chini yake kisanduku kidogo kinachozigawia chipu umeme kwa kipimo. Hicho ndicho alichokishuku.

Alifungua waya wa hasi wa betri kwanza. Bampa likafuata, nalo halivutwi: kila kibanio cha plastiki aliinua moyo wake kwa bisibisi nyembamba, akakichomoa, akakiweka kwenye mfuniko wa kopo la rangi kwa mpangilio uleule kiliokaa garini. Saidia fundi wake alipotaka kuharakisha upande wa pili, alimshika tu kiganja. Kisha bolti za namba 10, na taa ikatoka nzima, imebebwa kwa mikono miwili kama mtoto anayetolewa kwenye beseni.

Betri ikarudishwa. Mita kwenye soketi ilionyesha volti 12 na ushei, kwa hiyo umeme unafika. Akakihamisha kisanduku cha taa ya kushoto, akakifunga kwenye ya kulia. Ikawaka! "Jicho lake zima," alisema. "Aliyekufa ni huyu." Akanionyesha pini za kile kibovu, zimeota kutu ya kijani. Kisanduku cha mtumba kilipatikana mtaa wa pili kabla ya adhuhuri, baada ya kulinganisha namba herufi kwa herufi.

Mimi ningeishia hapo. Yeye alitaka kujua maji yalipita wapi.

Aliziba matundu ya kupumulia isipokuwa moja, akachomeka mpira mwembamba humo, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, halafu akapuliza kwa mdomo, taratibu, kama fundi baiskeli anayetafuta pancha. Pembeni kabisa, juu, povu dogo likachungulia. Gundi ilikuwa imeachia kipande kisichozidi upana wa kidole.

Sasa ikaja kazi ya kukifungua kioo, ambacho kwa hakika ni plastiki, na plastiki ikizidiwa moto hujikunja. Mashine ya hewa ya moto haikutulia mkononi mwake. Ilizunguka ukingo, ikarudi, ikazunguka tena. Nilihesabu mizunguko 14 kabla hajajaribu kupenyeza bisibisi bapa. Gundi nyeusi ilivutika nyuzi nyuzi kama ulimbo. Hakuikata. Aliisubiri ilegee.

Ndani, chipu zilionekana za njano, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Nuru ile nyeupe huanza ikiwa ya buluu, na ule unga wa njano ndio unaoigeuza. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu yenye ufanisi. Fundi hakuzigusa, wala hakuifuta sehemu inayong'aa kwa kitambaa, kwani kitambaa huikwaruza. Alipuliza vumbi kwa kipira. Akakwangua gundi ya zamani mferejini mpaka ikabaki plastiki tupu, akalaza mpya, akapasha moto, akabana, akaacha ipoe. Tulikunywa kahawa. Hakuna aliyeigusa taa.

Magharibi ilipoingia, gari lilisimamishwa mita 10 kutoka kwenye ukuta uliojaa mistari ya chaki ya magari mengine. Kwa umbali huo, ukingo wa mwanga wa dimu unatakiwa ushuke kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Upande wa kushoto hupanda kidogo kumulika kando ya barabara. Kulia hubaki chini, kwa ajili ya anayekuja. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, hivyo taa zao zinatufaa. Iliyotengenezwa kwa barabara za Dubai ingempiga mwenzako machoni.

Aliniambia nikae kwenye usukani, maana gari hulala kidogo likipata mtu. Akazungusha skrubu robo duru, akaenda ukutani na futi kamba, akarudi. Robo nyingine. Safari ya nne hakupima. Alichuchumaa mbele ya ukuta, akashusha macho mpaka kimo cha mwenye bodaboda, akaikodolea taa bila kupepesa.

"Zima, dada," akasema, akiokota mfuniko wenye vibanio.