Uvimbe Mkubwa Kuliko Mlango

Ngiri ya kinena ni miongoni mwa operesheni ambazo daktari anayejifunza upasuaji hukabidhiwa mapema. Kinena kinachanwa, kifuko kinafunguliwa, utumbo unarudishwa tumboni, tundu linazibwa kwa wavu. Sasa kifuko kimefunguliwa, na kidole kimekutana na kitu kigumu kama kokwa la embe ndani ya ukuta wa utumbo. Ukikisukuma, hakiendi.

Saratani ya utumbo ndani ya ngiri ni nadra, lakini inapotokea mara nyingi huwa kushoto. Huko ndiko iliko sigmoidi, kipande cha mwisho cha utumbo mpana kabla ya rektamu, chenye utando mrefu unaokiacha kining'inie na kushuka hadi pumbuni. Kulia hushuka mwanzo wa utumbo mpana na kidole tumbo chake. Mwaka 1735 daktari wa upasuaji Claudius Amyand alikikata kidole tumbo ndani ya ngiri ya mvulana wa miaka 11 huko London. Saratani haikatwi hivyo, humo humo ngirini.

Kishawishi ni kutumia nguvu. Lakini uvimbe huu ulinenepa ukiwa tayari nje; haujawahi kupita kwenye pete ya kinena, mlango wa ngiri, ukiwa na unene huo. Ukilazimishwa, utumbo hupasuka, na kinyesi pamoja na seli za saratani humwagika tumboni. Kifuko kilikuwa kimeuzingira ugonjwa, na mkono wa daktari ndio unaoutawanya.

Kwa hiyo uvimbe huachwa ulipo. Tumbo hufunguliwa katikati, au huingiwa kwa laparoskopia, yaani kwa kamera kupitia matundu madogo, na utumbo hukatwa huko ndani, juu na chini ya uvimbe, palipo pazima. Ateri inayolisha sehemu hiyo hufungwa karibu na chimbuko lake ili mitoki itoke pamoja na kipande. Maabara hutarajia kuhesabu angalau mitoki 12. Kisha ncha zilizofungwa huvutwa kuelekea kinenani, na mzigo wote hutolewa huko pamoja na kifuko. Kinachopita mlangoni ni utumbo laini, tena kwa kutoka.

Pakiwa safi, ncha zilizobaki huunganishwa. Pakiwa na usaha au utumbo umetoboka, hufuatwa njia ya Mfaransa Henri Hartmann: ncha ya juu hutolewa kwenye ngozi ya tumbo, choo kipitie hapo. Wavu nao haufai penye uchafu; tundu hushonwa kwa nyuzi, kama alivyofanya Bassini, Mwitalia wa karne ya 19.

Je, kila ngiri ipigwe picha ya CT? Sioni haja. Lakini mzee ambaye ngiri yake ilikuwa ikirudi akilala na sasa hairudi, damu imepungua na choo kimebadilika, huyo apigwe kabla ya kisu. CT itangulie kolonoskopia, ukaguzi wa utumbo mpana kwa kamera, maana mrija wake unaweza kuingia kwenye kitanzi cha utumbo kilichomo ngirini, ukajikunja na kukwama humo.