Mdomo Kwanza, Pua Baadaye

Mtu wa Mbagala au Bunju akisema anatafuta mbwa wa kuwindia ndege, huulizwa hapo hapo: "Wa mbegu gani?" Swali hilo limewahi mno. Aulizwe kwanza anawinda ndege gani, kisha aulizwe akimpata atamla vipi. Majibu ya maswali hayo mawili yanapunguza orodha ya mbwa haraka kuliko picha yoyote ya muuzaji.

Tuanze na wenye jina kubwa, pointa na seta. Hawa hunusa upepo, na wakimgundua ndege husimama kama waliogandishwa, pua imeelekea kichakani, mpaka mwenye bunduki afike. Kabla ya enzi ya bunduki nyepesi, seta alifundishwa kulala chini ili wavu utupwe juu ya ndege. Newcastle upon Tyne, Uingereza, ilipoandaa maonyesho yake maarufu ya mbwa mwaka 1859, walioshindanishwa walikuwa pointa na seta tu, na zawadi zilikuwa bunduki. Ni mbwa wa heshima, ila wanamtegemea sana ndege: lazima atulie. Kwale hutulia. Kanga hatulii hata kidogo.

Kanga akishtuka hutimua mbio kwa miguu, kundi zima, shingo zimenyooka. Pointa akisimama, ndege hao wa madoadoa wameshafika mbele hatua hamsini. Anasogea, anasimama tena. Kundi limeshaingia kwenye mikorosho. Baada ya nusu saa mwindaji ametota jasho na hajafyatua risasi hata moja. Wawindaji wa kusini mwa Afrika wanalijua tatizo hili, na dawa yao ni kuachia mbwa avamie kundi na kulitawanya. Kanga aliyetengwa na wenzake hujibanza kwenye majani, na hapo sasa anaweza kutafutwa mmoja mmoja. Kazi ya kuvamia ni ya spanieli. Spanieli hukata mbuga kwa kwenda kushoto na kulia mbele ya bwana wake, akiingia kila kichaka, na akifunzwa vizuri havuki umbali wa mita 30 hivi, ndege anaporuka awe bado ndani ya uwezo wa bunduki ya marisau.

Kuna wanaotaka mbwa mmoja wa kazi zote, na wana hoja. Ujerumani ilipitia hali hiyo hiyo. Baada ya mapinduzi ya 1848 mabwana wakubwa walipoteza haki ya kuwinda kwenye mashamba ya watu, na uwindaji ukawafikia watu wa kipato cha kati wasio na uwezo wa kufuga kundi la mbwa. Katika miongo iliyofuata wakazalisha pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, anayetafuta, anayesimama na anayeokota, nchi kavu na majini. Mwenye kiwanja kidogo Chamazi au Tegeta angemwelewa Mjerumani huyo. Tatizo ni kwamba mbwa huyu ana nguvu za kukimbia kutwa nzima, na ukimfungia uani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa atachimba hadi chini ya ukuta wa jirani.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo vitabu vya Wazungu hulipitia juujuu, na kwetu Pwani ndilo linaloamua. Ndege aliyepigwa marisau mara nyingi hafi palepale. Kanga aliyevunjika bawa hukimbia na kujificha, na bila mbwa wa kumfuata amepotea. Muislamu anataka amfikie angali hai ili amchinje. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imeruhusu windo la mnyama aliyefunzwa, likitajiwa jina la Mungu. Lakini ndege akifika mkononi akiwa bado na uhai, kisu ndicho kinachotakiwa. Kwa hiyo mbwa mwepesi wa kuokota, mwenye mdomo laini usiotafuna, anatuletea kitoweo. Mwenye meno ya pupa anatuletea mzoga. Tena madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi hapa kwetu, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyama iliyotobolewa na meno inaleta mjadala mrefu jikoni. Ndiyo maana naweka mdomo mbele ya pua. Kwa kipimo hiki Labrador na spanieli wanapanda juu, kwa kuwa waokotaji ndivyo walivyochaguliwa vizazi na vizazi. Labrador ana kasoro moja, wa rangi nyeusi hasa: jua la Desemba linamtesa.

Joto si jambo la pembeni. Mbwa anayehema kwa mdomo wazi hawezi kunusa sawasawa, hivyo saa za kazi ni alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma. Usimsafirishe kwenye buti la gari barabara ya Kilwa ukidhani dirisha la mbele linamtosha. Kupe nao wanaleta magonjwa ya damu, na ukielekea maeneo yenye mbung'o kuna nagana, ambayo mbwa wa kigeni haihimili. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima. Kwa spanieli ongeza ukaguzi wa masikio kila mnapotoka porini, kupe hupenda kujificha humo.

Na mbwa wetu wa kienyeji? Tusimdharau. Basenji wa Kongo alikuwa mbwa wa kijiji tu, akivishwa kengele ya mti shingoni ili wawindaji wamsikie akisukuma windo kwenye nyavu, mpaka mwaka 1937 alipoonyeshwa London na kuwashangaza watu kwa kutobweka. Mbwa koko wa Temeke ana manyoya mafupi, anavumilia jua, anazijua njia. Udhaifu wake uko mdomoni: mababu zake walikamata kwa ajili ya matumbo yao. Mpime akiwa mdogo. Mrushie soksi iliyokunjwa. Akiirudisha bila kuivuta na kuipasua, una mwanafunzi. Gonga sufuria akila. Akirudi kula baada ya kushtuka, bunduki haitamtisha sana.

Kabla ya hayo yote, pitia kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Pori la Akiba Pande na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi si viwanja vya mazoezi ya bunduki hata kama viko karibu na nyumbani, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inadhibiti leseni pamoja na mbinu za kuwindia. Uliza waziwazi kuhusu kutumia mbwa, na uombe jibu la maandishi.

Mimi nikipewa banda moja tu, nitafuga spanieli wa springa, jike, na nitamnyoa manyoya ya masikio.